Sentry anazimwa na kuwashwa kama taa

Wapenzi wa komiki wa Moshi na Arusha, hivi nyie hamchoki? Mwaka 2000 Marvel walituletea shujaa Sentry: nguvu za majua milioni yanayolipuka, na ndani yake Void, nusu yake ya giza. Wazo tamu kabisa! Wakamfanyia nini? Adui akija, mara Sentry analia, mara kajifungia, mara kajisahau. Kwa nini? Kwa sababu akiwa timamu, hadithi inaisha ukurasa wa tatu! Ugonjwa wa akili umekuwa swichi ya mwandishi.

Mwaka 2010 Sentry alimpasua Ares vipande viwili, mungu wa vita mzima, matumbo nje! Thor akamuua Sentry, akamtupa kwenye jua. Akafufuliwa. Mwaka 2020 adui aitwaye Knull naye akampasua vilevile, eti tujue Knull ni hatari. Jamani! Mgonjwa ndiye kipimo cha ubabe wa wengine?

Waandishi, mwekeeni Sentry mipaka basi. Kila akitumia nguvu, alipe kitu. Daktari wake apewe kurasa nzima za mazungumzo, si kijisanduku kimoja. Na Scarlet Witch, yule shujaa mchawi aliyevurugikiwa akili naye, je? Mwaka 2005, alitamka sentensi moja tu, mamutanti (watu waliozaliwa na nguvu za ajabu) karibu wote wakapoteza nguvu! Nani alikaa naye kabla hajafika huko?