Mwenye cheti hana mkono, mwenye mkono hana cheti: tuongee ajira za Mwanza

Mwaka jana nilikuwa natafuta kijana wa kuongeza karakana, mi ni fundi friji hapa Nyakato, natengeneza mafriza ya wauza samaki na vyumba vya baridi vidogo vidogo, na kazi ilikuwa imenizidi. Walikuja wengi ila mwisho nikabaki na wawili. Wa kwanza ana diploma ya umeme, bahasha yake ya kaki imejaa vyeti, nikamwambia nichoree mzunguko wa gesi kwenye friji akachora vizuri kuliko ninavyoweza kuchora mimi. Wa pili kaishia la saba, kakua anashinda kwa mafundi wa Igoma toka ana miaka 14, hana karatasi hata moja.

Nikawapa friza la mama mmoja anauza samaki soko la Mwaloni, haligandishi. Wa diploma akalizunguka lile friza mara mbili, hajui aanzie wapi. Nikamuuliza chuoni mlikuwa mnafanyaje, akasema mashine ilikuwa moja wao ishirini na kitu, mwalimu anafungua wao wanaangalia, na mtihani ni wa kuandika. Wa mtaani hakusubiri kuambiwa, akatega sikio kwenye kompresa, akashika bomba la kurudi kwa kiganja, akasema hapa gesi imeisha, na kweli ilikuwa imeisha. Ila alivyotaka kuanza kazi ndo nikamsimamisha, maana alitaka kujaza gesi palepale bila kutafuta inapovujia na bila kuvuta hewa kwa pampu kwanza, kwa hiyo unyevu unabaki ndani, unaenda kuganda kwenye kile kibomba chembamba, na wiki mbili mbele mama anarudi analia samaki wameoza na hela kashalipa. Nikamuuliza kwa nini huvuti hewa, akajibu "aliyenifundisha hakuwa anavuta".

Toka siku ile kila nikisikia ule ubishi wetu wa kila siku kuhusu ajira nawakumbuka hawa madogo wawili. Ubishi wenyewe tunaujua. Upande mmoja wanasema kazi zipo, tatizo vijana hawana ujuzi, shule zinafundisha kukariri. Upande wa pili wanasema acheni kuwasingizia watoto, ujuzi wanao, kazi ndo hamna. Na sasa hivi umepamba moto zaidi kwa sababu ya Sera ya Elimu ile ya 2014 toleo la 2023, iliyoleta mkondo wa amali sekondari, yaani mtoto anaanza kujifunza fani akiwa form one badala ya kusubiri amalize form four ndo aanze kuhangaika.

Niseme ukweli, upande wa kwanza wana hoja nzito. Mwaka 2025 TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, walitangaza nafasi 1,596 na walioomba wakazidi 130,000, maana yake kila nafasi moja inagombewa na watu zaidi ya 80. Wale wote wamesoma, wana vyeti, na wengi wao hakuna kitu wanaweza kukifanya kwa mikono yao kesho asubuhi kikawaingizia hela ya kula. Hapa Mwanza peke yake mkoa umetoka watu milioni 2.77 mwaka 2012 mpaka milioni 3.7 mwaka 2022, hao ni zaidi ya laki tisa walioongezeka ndani ya miaka kumi, na toka 2016 ada iliondolewa mpaka form four kwa hiyo watoto wanaomaliza ni wengi kuliko zamani, jambo ambalo mimi naliunga mkono asilimia mia, lakini wanamaliza wakiwa wameandaliwa kwa ajili ya kitu gani? Form five? Nafasi hazitoshi wote. Na ukitafuta fundi wa kuaminika Mwanza hii, wa vigae, wa gypsum, wa injini za boti, wa mfumo wa sola, utazunguka siku tatu. Kwa hiyo mtu akisema kuna pengo la ujuzi sio kwamba kaota, lipo, mimi mwenyewe nalipia hilo pengo kila mwezi.

Ila sasa twende upande wa pili, na hapa naomba tusikimbie.

Nenda Igogo au kwenye geti la kiwanda chochote cha minofu alfajiri saa kumi na moja, utawakuta akina mama na vijana wamejipanga wanasubiri kuitwa deiwaka, kibarua cha siku. Wengine wana miaka kumi na tano kwenye kukata minofu ya sangara, kisu kinapita mfupa unabaki mweupe, nyama haipotei hata kidogo. Huo sio ujuzi? Ni ujuzi mkubwa sana. Mbona wanasubiri getini? Kwa sababu siku samaki akiwa mchache ziwani mstari wa kukatia unaendeshwa nusu, na wewe na ujuzi wako unarudi nyumbani na nauli uliyokopa. Viwanda vilivyoanza kushamiri miaka ya 90 vingine vimefungwa, vingine vinafanya kazi chini ya uwezo, na sababu ni samaki kupungua, uvuvi haramu, na soko lenyewe kuwa mikononi mwa watu wa mbali. Wazee wanakumbuka 1999 Ulaya walipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa habari za sumu. Mkata minofu aliyekuwa na ujuzi Ijumaa alikuwa nao Jumatatu vilevile, kilichoondoka ni kazi.

Pamba hivyohivyo. Usukuma yote hii tunalima pamba, lakini sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa marobota, haijawa uzi wala kitambaa, na kazi zile za kusokota na kushona zinaenda na marobota. Ngozi pia, kanda ya ziwa ndo yenye ng'ombe wengi, chuo cha teknolojia cha DIT kampasi ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi kabisa, lakini machinjio ngapi ngozi inatupwa kwa sababu bei hailipi hata gharama ya kuichuna vizuri na kuitia chumvi? Unaweza kumfundisha kijana kutengeneza kiatu kizuri kuliko cha nje, ila kama hamna kiwanda cha kulainisha ngozi karibu na mtumba unauzwa elfu kumi Makoroboi, atatengeneza vya nani.

Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema vijana jiajiri, ujuzi ndo ajira, mi nakuwa mgumu kidogo kuitikia. Ujuzi hauzai kazi wenyewe, unahitaji umeme usiokatika, mteja mwenye hela, na mtaji ambao kijana wa miaka 20 hana na benki haimpi.

Tukirudi kwenye amali. Mi naiunga mkono lakini nina hofu mbili na nitazisema. Ya kwanza ni vifaa na walimu. Hii sio mara ya kwanza tunajaribu, tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea toka 1967, tukawa na michepuo ya ufundi, kilimo, biashara na sayansikimu, na hapahapa Mwanza tuna Bwiru Wavulana, moja ya zile sekondari za ufundi za zamani pamoja na Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara na Musoma. Mtu aliyepita karakana za shule zile enzi zake utamjua tu akishika tupa, hata kama leo ni mhasibu. Lakini karakana inakula hela kila siku, vyuma vinaisha, mashine zinakufa, mwalimu wa ufundi anastaafu haji mwingine, na pole pole somo linabaki la ubaoni. Ukiniambia shule ina mkondo wa amali naomba nioneshwe mashine ngapi na watoto wangapi, maana yule dogo wangu wa diploma naye alisoma "kwa vitendo" kwenye karatasi, mashine moja watu ishirini na kitu.

Hofu ya pili ni hadhi. Mzazi wa Kitanzania akiwa na uwezo anampeleka mtoto mkondo wa jumla awe daktari, amali anaiona ya mtoto aliyeshindwa. Kama tutaacha iwe hivyo basi tutakuwa tumetengeneza matabaka mawili, la watoto wa wenye nacho na la watoto wa maskini. Wenzetu wa ziwani nao wako njia hiyohiyo, Kenya walianza mtaala wa umahiri 2017, Uganda wakabadilisha wa sekondari ya chini 2020, kwa hiyo nchi zote tatu zinazozunguka ziwa hili zimegeuza shule zao ndani ya miaka kumi. Na tangu Julai 2010 kuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, fundi wa Kisumu au Jinja mwenye karatasi inayotambulika ana njia ya kuomba kazi huku. Wa kwetu akitaka kwenda huko anaulizwa karatasi.

Na hapo kwenye karatasi ndo naona tunapakosea zaidi. Ubishi wote unahusu watoto walioko shule na wahitimu wa vyuo, lakini wafanyakazi wengi wa Mwanza hawako kwenye makundi hayo mawili. Wako gereji, wako mwaloni, wako saiti. Chukua daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita tatu juu ya maji ya ziwa, limefunguliwa Juni 2025. Miaka zaidi ya mitano vijana wa Misungwi na Sengerema wamefunga nondo pale, wamechomelea, wamemwaga zege la viwango ambavyo saiti ya kawaida ya Buswelu huwezi kuviona. Ile ilikuwa shule. Daraja limeisha wamerudi nyumbani. Mmoja anaishi jirani yangu, nilimuuliza umetoka na nini, akanionesha picha kwenye simu, yeye na kofia ya njano na nguzo nyuma yake. Basi. Akienda kuomba kazi kwenye reli ya SGR kipande cha Mwanza–Isaka anaonesha picha. Na wakati huohuo wale waliokuwa wanauza mahindi na samaki wa kukaanga kwenye foleni ya kivuko kilichokuwepo kabla ya daraja, foleni haipo tena, na hakuna aliyekaa nao kuwauliza sasa mtafanya nini.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakufuata unapofanyia kazi, wanakupima, pale ulipopungukiwa wanakufundisha kidogo, unapata cheti. Serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu ina programu ya uanagenzi pia, yaani kujifunza fani ukiwa kazini. Ni vitu vizuri sana na kwa maoni yangu hela ya kwanza ingeenda huko kabla ya kwenye majengo mapya, kwa sababu yule dogo wangu wa Igoma hakuhitaji miaka miwili ya chuo, alihitaji wiki sita za kuelezwa kwa nini tunavuta hewa, gesi ina madhara gani ukiiachia, na jinsi ya kusoma kitabu cha maelekezo ambacho kimeandikwa Kiingereza kitupu. Mikono anayo tayari. Anayepinga atasema hii itashusha viwango, kila mtu atapewa cheti, na ni hofu ya haki, nimeona vyeti vya kununua. Dawa yake ni kumpima mtu kwenye kazi yenyewe, umpe mashine mbovu na muda.

Tusiwasahau waajiri, na hapa najisema na mimi. Kampuni zenye wafanyakazi 10 na kuendelea zinalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 mpaka 3.5, na wengi wanaona wakishalipa wamemaliza, kijana wa fildi akija anatumwa chai na kutoa fotokopi miezi miwili. Ila waajiri nao wana maumivu ya kweli. Mimi nilimfundisha kijana miaka mitatu, siku alipoiva akapata kazi mgodini Geita, mshahara ambao mi siwezi kuufikia hata nikifunga nisile. Simlaumu hata kidogo. Lakini nilipopata maombi ya kijana mwingine nilikaa wiki nzima najiuliza nianze upya wa nini. Kama tunataka karakana ndogo zifundishe, basi anayefundisha arudishiwe kitu, hata sehemu ya posho ya mwanafunzi, maana kwa sasa karakana ndogo ndo zinazofundisha Mwanza nzima na hazipati chochote kwenye hiyo tozo.

Wale wawili niliwachukua wote. Nilikuwa na bajeti ya mmoja, nikagawa, na niliwaambia ukweli huo siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza nilipata hasara, waliunguza kompresa moja, nikainunua. Wa diploma sasa anafungua mashine peke yake na ndo anaandika risiti na makadirio kwa wateja. Wa Igoma anavuta hewa dakika 30 bila kusimamiwa, na juzi nilimsikia anamweleza mteja kwa nini ile pampu inanguruma muda wote huo. Nimemwandikisha kupimwa VETA. Fomu inauliza elimu aliyonayo, na chini yake kuna nafasi ya kujaza miaka ya uzoefu, akaniuliza aandike ngapi, tukahesabu pamoja toka akiwa na miaka 14, ikafika minane.