Gari la jeshi haliuliwi na vita, linauliwa na kulala

Kila nikisema niliwahi kununua gari la jeshi mnadani swali la kwanza ni lile lile, ulilipata kwa bei gani? Hakuna anayeuliza lilikuwa limelala muda gani, na kumbe hilo ndo swali lenyewe.

Mtu anaona gari la miaka thelathini lina kilomita elfu kumi na tano tu, anaruka juu, "aisee hili halijatumika kabisa!" Ndio, halijatumika, na ugonjwa wake ndo huo. Magari yetu ya kawaida yanachakaa kwa kutembea, la jeshi linachakaa kwa kusimama. Linaegeshwa uwanjani miaka na miaka, linawashwa mara moja moja, linasogezwa mita mia linarudishwa pale pale, huku sili za mpira, zile zinazozuia oili isivuje, zinakauka, mafuta ya breki yananyonya unyevu, tenki linaota kutu kwa ndani, panya wanatafuna nyaya. Unaangalia matairi, meno yako full, unafurahi. Sasa inama ubavuni usome zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 1204 ujue mpira huo ulitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2004. Matairi ya umri huo ni mapambo. Na saizi zake hupati kila duka.

Langu lilikuwa Unimog 404, lori dogo la Mercedes-Benz, ile ya petroli ya silinda sita iliyotengenezwa kuanzia 1955 mpaka 1980, nyingi zilienda jeshi la Ujerumani. Uzuri wake ni kwamba ekseli inapita juu ya kitovu cha gurudumu, kila gurudumu lina gia zake na oili yake, ndo maana inavuka mawe bila kukwaruza tumbo. Mimi nilichosahau ni kwamba hizo ni boksi nne za gia za ziada, na kila moja ina sili iliyokuwa imelala usingizi wa pono. Wiki ya kwanza kavu kabisa, nikajisifu kwa kila aliyenisikiliza. Wiki ya tatu magurudumu yote manne yanalia oili. Fundi alicheka, akasema mpira uliokauka hauvuji mpaka uanze kusuguliwa, ukiliacha limesimama litakuwa kavu milele.

Haya, mnada wenyewe. Serikali pale inapunguza mzigo, haina habari na wewe kama mteja. Gari linauzwa kama lilivyo na hapo lilipo, hakuna waranti, mara nyingi huruhusiwi kuliendesha na pengine hata kuliwasha. Nyundo ikishagonga inakuja kamisheni, inakuja kodi, lori la kubebea, na unapewa siku chache za kuliondoa, ukizembea wanaanza kukuhesabia ada ya stoo. Kitu kimoja nawapendea Wajerumani, kwenye kampuni yao ya serikali ya VEBEG unaandika bei yako unaituma kimya kimya, hakuna kupigiana kelele. Maana nimeona wanaume wawili wakipandishiana bei kwa ubishi tu, gari lenyewe hakuna hata mmoja aliyelichungulia chini.

Humvee, lile gari pana la jeshi la Marekani, ndo inayowatoa watu akili. Marekani ilianza kuziuza kwa raia mwaka 2014 na nyingi zilitolewa kwa masharti ya kutumika nje ya barabara, kwa hiyo usajili ukawa mchezo wa jimbo kwa jimbo, huku wanakupa huku wanakunyima. Na hata ukipewa, ina upana wa zaidi ya mita 2.1, haina ufunguo wa kuwashia, unazungusha swichi tu, na milango ya zile za kawaida, zisizo na deraya, haina loki, wanajeshi wenyewe wanafunga usukani kwa mnyororo na kufuli kama baiskeli. Uende nayo sokoni sasa. Makaratasi jamani uliza ofisi ya usajili KABLA ya kutaja bei, sio baada.

Malori mimi nayaheshimu zaidi ila nayo yana yake. M35 ya Wamarekani, ile ya tani mbili na nusu, breki zake kwa nyingi ni mzunguko mmoja, bomba moja la zamani likipasuka mteremkoni breki zote zimekwenda, sio za mbele tu. Halafu magari mengi ya jeshi ni volti 24, betri mbili zimeunganishwa, kijana anakuja anachukua umeme wa redio ya volti 12 kwenye betri moja, chaji za betri zinapishana, baada ya miezi betri zote mbili zimekufa na yeye analaumu jeshi.

Hii tamaa ya bei ya bure sio ya leo lakini. Baada ya vita kuu ya pili kulikuwa na hadithi ya jeep mpya ndani ya sanduku, imepakwa grisi, dola 50 tu. Watu walitangaziwa magazetini, wakatuma hela, na walichopokea ni kijitabu cha kuwaelekeza jinsi ya kununua mali za jeshi!

Nikirudi mnadani leo nitatafuta lililochoka. Lenye kiti kilichochanika, pedali ya klachi iliyolika upande mmoja, lililokuwa linafundishia madereva mpaka mwezi uliopita, lina oili nyeusi na kitabu cha gereji kimejaa sahihi. Lile la kilomita chache lenye rangi inayong'aa nawaachia nyinyi mgombanie.