Kisungura cha Ulaya na piko ya Mombasa

Ukitoka huku Ujerumani na losheni za zawadi, swali la kwanza Mombasa ni hili: kile kisungura kilichochorwa mgongoni mwa chupa ni cha nini? Ni cha kusema kuwa bidhaa haikujaribiwa kwa mnyama. Kwa mnunuzi wa Ulaya hakimwambii mengi, maana sheria ilishatangulia: bidhaa kamili zilikatazwa kujaribiwa kwa wanyama mwaka 2004, viungo vyake 2009, na tangu 11 Machi 2013 hata kuuza kilichojaribiwa hivyo kwa ajili ya vipodozi ni marufuku. Mwanya upo, kwani sheria ya kemikali inaweza bado kudai jaribio kwa usalama wa wafanyakazi wa kiwandani, na mahakama ya Umoja wa Ulaya iliukubali mwanya huo Novemba 2023.

Jaribio lenyewe si la kusimuliwa watu wakila. Kwa njia ya mwaka 1944 iliyopewa jina la mwanasayansi Draize, mililita 0.1 ya kinachopimwa hutiwa katika jicho moja la sungura mweupe, la pili likaachwa la kulinganishia. Mpimaji hutazama wekundu, uvimbe na ukungu baada ya saa 1, 24, 48 na 72, pengine hadi siku 21. Huruma kando, kipimo chenyewe ni kibovu: sungura ana kope la tatu, hupepesa kwa nadra, na wapimaji wawili huweza kulipatia jicho lilelile alama tofauti. Leo hutumika vipande vya ngozi ya binadamu vilivyokuzwa maabara, au macho ya ng'ombe yaliyotoka machinjioni.

Lakini kinachomlinda mteja wa huku ni faili la usalama wa bidhaa, wala si kisungura. Kila kipodozi lazima kiwe na mtu mmoja wa kuwajibika ndani ya Umoja wa Ulaya, ripoti ya mtaalamu aliyepima usalama wa kila kiungo, na faili hilo litunzwe miaka 10 tangu shehena ya mwisho ya bidhaa iingie sokoni.

Sasa twende kwenye mkono wa bi harusi. Piko, ile hina nyeusi inayochorwa harusini kwetu, mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali ya kutia rangi iitwayo parafenilenidiamini. Ulaya kemikali hiyo haizidi asilimia 2 ya rangi inayopakwa kichwani baada ya kuchanganywa, na kuichora kwenye ngozi ni marufuku. Lebo ya huku huonya kabisa kwamba michoro ya hina nyeusi huongeza hatari ya mzio. Kwetu kijipakiti hukorogwa kizito bila kipimo, kikapakwa hata watoto. Mara ya kwanza ngozi yaweza kunyamaza wiki moja au mbili ndipo malengelenge yaote kwa kufuata maua yaleyale yaliyochorwa. Kuanzia hapo mwili hausahau: miaka kadhaa baadaye rangi ya nywele huvimbisha uso mpaka macho yazibe, na hata baadhi ya dawa za ganzi huwa adui.

Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, nayo inadai kibali kwa majaribio. Wanaotaka marufuku kama ya Ulaya wana haki. Ila kuileta marufuku bila faili ni kumwachilia sungura na kumfunga bi harusi mahali pake, na huyo hata mpimaji wa kumtazama saa ya 72 hana.

Kwa sasa, dada zetu wachoraji, someni pakiti kabla ya kukoroga. Hina halisi hukaa mkononi saa nne hadi nane, ikibanduliwa huwa ya rangi ya chungwa, na hukolea kuwa hudhurungi siku ya pili. Mkono ukiwa mweusi ti ndani ya saa moja, hiyo ni rangi ya nywele. Ioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni.