Hekalu la Pandora Bado Halijapata Mpinzani

Juzi, kwenye chumba kimoja cha michezo huku Majengo, Goma, kijana aliyeshika maneti, kile kidude cha kuchezea, alitangaza kwamba mchezo wa video God of War II unaupita God of War wa kwanza kwa kila kitu. "Ni kubwa, yaya! Ina mabosi wengi, wale maadui wakubwa." Wenzake wote wakaitikia. Imeniuma mpaka leo. Tangu lini ukubwa ukawa ndio ufundi?

Hadithi na mapigano niyaache. Nasema juu ya mpangilio wa maeneo tu.

Katika ile ya kwanza, ya 2005, Kratos, shujaa unayemchezesha, anavuka jangwa la dhoruba, anampanda Cronos, titani (jitu la hadithi za Kigiriki) anayetambaa mchangani na Hekalu la Pandora zima mgongoni. Ukishaingia humo hutoki upesi. Sehemu kubwa ya mchezo iko ndani ya jengo hilo moja: pete za katikati, yaani njia za mviringo, kisha majaribio ya Atlas, ya Poseidon, ya Hades. Unaenda, unarudi, unakuta njia imefunguka pale ulipoona ukuta. Ukipata mkuki wa Poseidon na kuweza kupumua majini, maji yenyewe yanageuka mlango. Taratibu unalijua hekalu kama mtoto wa mtaa wa Birere anavyovijua vichochoro vyake.

Na kuta zenyewe zinasimulia! Fundi aliyelijenga, Pathos Verdes III, alipoteza wanawe humo humo. Fuvu la mtoto ndilo ufunguo. Unalibeba kwa mikono yako, unaliweka mlangoni, unapita. Uchungu wa baba yule unauelewa kwa kutembea ndani ya kazi yake. Huo ndio ujenzi ninaoutetea, na nitautetea mbele ya yeyote.

Ile ya pili, ya 2007, inaanza vizuri mno, sina budi kukubali. Sanamu kubwa ya Rhodes inakufukuza, inavunja kuta unamopigania, mwishowe unaingia ndani ya mwili wake. Kupunguza mwendo wa wakati nako ni wazo zuri, na mabawa ya Icarus pia. Tena ile ya kwanza ina nguzo za visu kule Kuzimu ambazo hazikustahili kuwekwa.

Lakini Kisiwa cha Uumbaji, ambako sehemu kubwa ya mchezo huo wa pili inachezwa, kinakupeleka mbele tu. Farasi wakubwa wa mawe, kinamasi, majumba ya Majaliwa, wale miungu wa kike wa hatima: kila mahali panapendeza, unapamaliza, na mara nyingi hupahitaji tena. Hakuna pa kuzoea.

Sisi wa Goma tunalijua hili zaidi kwa sababu ya umeme. Ukikatika, unarudi kesho au wiki ijayo, unafungua pale ulipohifadhi. Ndani ya hekalu nilikuwa napepesa macho mara moja tu, naziona pete, najua nilikotoka na mlango gani umebaki. Kisiwani nilisimama na maneti mkononi nikiwauliza wadogo zangu: jamani, tulikuwa tunaenda wapi?