Cheo kinapomziba mdomo mhazini

Ukishuka daladala Igoma au Buzuruga hukosi bango la mkutano wa injili. Picha ya mtu mmoja, na chini yake vyeo vimepangana: Mtume, Nabii, Askofu Mkuu, Dk. Wapo Wakristo hapa Mwanza ambao jambo hili limewachosha. Wanaomba kiongozi aitwe Mchungaji, au ndugu, inatosha. Wanajibiwa kwamba wana wivu, kwamba hawana adabu, na mwisho wanasomewa Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Naona hawajasikilizwa.

Wanaotetea vyeo wana hoja, nami sitaki kuwapunja. Usukumani, mkubwa haitwi kwa jina tupu. Mtoto akikosea hapo, anarudishwa akaamkie upya. Vyeo vyenyewe vimo katika Waefeso 4:11: mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu. Paulo alijiita mtume bila kuona haya. Hata Yesu, usiku ule wa kuosha miguu, hakukana alichoitwa: "Ninyi mwaniita, Mwalimu, na, Bwana, nanyi mwanena vema." Tena kwa Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, au AICT (Africa Inland Church Tanzania) yenye makao makuu yake hapahapa Mwanza, askofu ana waliomweka, ana taratibu zinazombana, na kuna mahali pa kupeleka malalamiko juu yake.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Cheo kilichotolewa na wengine kina wenye kukihoji. Cheo ambacho mtu amejipa, au amepewa na rafiki yake mwenye cheo kama hicho, kinahojiwa na nani?

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya fedha ya kanisa moja mjini hapa. Mhazini alikuwa mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, mwenye kaunta buku lililopigwa mistari kwa kalamu nyekundu: tarehe, kiasi, aliyechukua, risiti. Kila Jumapili tulihesabu sadaka pamoja. Kiongozi wetu akichukua fedha ya mafuta ya gari na kusahau karatasi, mama alimkumbusha mbele yetu wote: "Mchungaji, ile risiti ya Alhamisi?" Naye alicheka, akapekua mfuko wa koti, akaitoa imekunjamana.

Kisha akasimikwa kuwa Mtume. Kikao cha kwanza baada ya sherehe, mama akauliza vilevile, kwa sauti ileile. Mzee mmoja akamkatiza: "Mama, Mtume haulizwi hivyo." Kiongozi hakusema neno. Aliangalia meza, tukaendelea na ajenda iliyofuata.

Nimelirudia tukio hilo kichwani kwa miaka mingi. Katiba ya kanisa ilikuwa ileile. Mhazini yuleyule, gari lilelile. Kilichobadilika ni neno moja, na neno hilo lilitosha kufuta swali lililokuwa la kawaida wiki chache nyuma. Sisemi aliiba. Sijui, na hakuna mwanakamati aliyejua, kwa sababu toka siku ile hatukuuliza tena. Baadaye hatukuuliza habari za kiwanja, wala za mkopo, wala kwa nini mwimbaji fulani aliondolewa kwaya. Mimi pia nilinyamaza, na hilo linaniuma. Aliyeumia zaidi huenda ni yeye mwenyewe: alibaki bila mtu hata mmoja wa kumwambia, "Hapa umekosea."

Ndiyo maana nasoma Mathayo 23 tofauti na wanaoiona kama katazo la maneno fulani. Yesu anasema, "Bali ninyi msiitwe Rabi," na sababu anaitoa papo hapo: "nanyi nyote ni ndugu." Ndugu huulizana. Hata neno Mtumishi, ambalo zamani lilikuwa la mtu wa kutumwa maji, siku hizi linatamkwa kwa kuinama. Kwa hiyo kubadili majina peke yake hakutatuponya. Nabii anayeleta risiti hanipi shida. Lakini sikatai nilichokiona: cheo kilipopanda, risiti ilikoma.

Kuhusu hiyo Dk. nitasema kidogo tu. Desturi ya vyuo vingi ni kwamba aliyetunukiwa udaktari wa heshima hajiiti daktari, na shahada ya nje, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndiyo inayoitambua au kuikataa. Muumini akiuliza chuo ni kipi hajamtukana mtu.

Ziwa hili letu la Victoria linawakumbuka watu wa namna nyingine. Alexander Mackay, fundi Mskoti wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, hakuwahi kuwa kasisi. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 aliweka makazi Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiganda huku mikono yake ikishika vyuma, hadi homa ilipomwua Februari 1890. Kazi yake haikungoja cheo.

Yule mama aliacha uhazini kabla mwaka haujaisha. Siku ya makabidhiano alinifungulia kaunta buku kwenye ule ukurasa. Safu ya risiti ilikuwa bado tupu, na pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: "Mchungaji ataleta."