Velveti sebuleni, Dar hii hii?

Jirani yangu hapa Rotterdam, bibi mmoja mstaarabu sana, juzi kanigongea mlango kuuliza kama tuna mgonjwa. Nikamwambia hapana, sote wazima. Akanionyesha dirisha: mbona pazia limefungwa mchana? Kwao pazia la mbele likifungwa mchana kutwa, ama kuna mtu kalala kitandani, ama wenyewe wamesafiri. Mimi nilikuwa nasukwa nywele tu, jamani, upande mmoja tayari na mwingine umesimama. Mtoto wa Tabata, Dar, anasukwaje dirisha likiwa wazi?

Nilikereka. Lakini sababu yao naielewa. Uholanzi dirisha la sebule ni kubwa kama la duka, na usiku taa inawaka, watu wanakula, runinga inaonekana mpaka barabarani, na hakuna anayejali. Desemba hapa jua linazama saa 10:30 jioni, na kuchomoza ni karibu saa 3 asubuhi. Mtu mwenye njaa ya mwanga kiasi hicho hawezi kuziba hata huo kidogo alioupata. Ikifika Juni jua linagoma kuondoka mpaka saa 4 usiku, ndipo vyumbani wanashusha pazia zito ili watoto walale. Yaani wanalivisha dirisha kufuatana na jua lao.

Sasa njoo kwetu. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu kanitumia sauti ya WhatsApp: dada, sebule inatia aibu, nisapoti mapazia. Picha ikafuata. Velveti ya maruni kutoka darini mpaka sakafuni, shia (lile pazia jepesi la kuonyesha) nyuma yake, na juu urembo wa shanga. Mwezi wa pili! Dar es Salaam!

Hebu tulipitie hilo dirisha kuanzia nje. Kuna nondo, sizigusi, kila mtu anajua zipo kwa nini. Kuna wavu wa mbu, nao siugusi. Kisha dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ufanyeje linafunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. (Zile luva za nyumba za zamani, tulizozing'oa kwa kuona zimepitwa na wakati, zilikuwa zinafungua dirisha zima. Basi tu.) Kwa hiyo upepo umetoka baharini, umekatiza mji, umefika Tabata hoi, unakuta nusu dirisha, na hiyo nusu ina wavu uliojaa vumbi, shia, na velveti. Upite wapi? Halafu tunawasha feni izungushe joto lile lile, na wenye kiyoyozi wanalia umeme wa Luku unakimbia.

Najua mtakachosema. "Dada wa majuu ameanza." Eti nimesahau mbu, vumbi, na wapita njia wanaochungulia mpaka ndani ya sufuria. Sijasahau kitu. Sijasema mtu akae wazi kama Waholanzi; Tabata ukifanya hivyo, kesho mtaa mzima unajua jana mlikula dagaa. Stara naipenda, mimi mwenyewe nimekutwa nimejifungia. Ninachosema ni kwamba stara haihitaji velveti. Pamba nyepesi au kitani, rangi ya maziwa au ya mchanga, inakuficha mchana na bado inapitisha hewa. Bomba la pazia lifungwe juu, karibu na dari, na lizidi upana wa dirisha kwa shubiri nzima kila upande, ili pazia likivutwa likae ukutani, lisibaki mbele ya kioo. Kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha kinatosha kupata mikunjo. Fundi anayeng'ang'ania mara tatu, muulize mita anauza nani. Usiku taa ikiwaka shia peke yake inakuanika, hapo ndipo unapohitaji pazia la pili, na hilo nalo si lazima liwe zito.

Dirisha la magharibi ni kesi nyingine. Joto likishapita kioo, pazia limechelewa. Panda mti nje, ongeza kibaraza.

Bibi yangu hakujua velveti. Alikuwa na kanga mlangoni, inapepea, upepo unaingia mbele unatokea uani, na hakuna aliyemwona akila. Huo ustaarabu ni wetu, hatukuuazima. Velveti ndiyo ya kuazima, nguo ya nchi za baridi, tena nyingine inafika soko la mitumba la Karume ndani ya robota baada ya wenyewe kuishusha madirishani kwao. Halafu mimi ndiye najifanya Mzungu!

"Ni hela yao, waache wajipambe." Sawa, ila nusu ya hiyo hela ni yangu. Na nakubali, sebule ya Dar ikipambwa mgeni anajua amekaribishwa. Hapa naingia nyumba nyingine nakuta ukuta mweupe na kiti kimoja, naona huruma.

Velveti ina mahali pake hata Dar: chumba cha nesi au mlinzi anayetoka zamu ya usiku, anayetaka kulala saa 4 asubuhi jua limeshapamba moto. Sebuleni hapana. Nimemwambia mdogo wangu natuma hela ya pamba. Amecheka sana, kisha akauliza kama naweza kuongeza kidogo, ya shanga.