Nipeni soketi, kubebwa nimeshabebwa

Kila nikizungumza na watu wa nyumbani Tanga kuhusu maisha ya mtu mwenye ulemavu Uingereza, husema huko kwenu kila kitu kipo. Nikikaa na Waswahili wenzangu wa huku, tuliozeekea ughaibuni, wao husema nyumbani ndiko kwenye utu, huwezi kukwama njiani watu wakapita. Mimi nimeishi pande zote mbili na mguu ule ule uliopooza kwa polio nikiwa mdogo, na naona kauli zote mbili zinatubweteza. Nitaanza na jambo linaloonekana dogo: kuchaji skuta kwenye bustani ya michezo.

Skuta ninayoisema si ile ya vijana ya kusimama. Ni kigari cha umeme cha kukalia, magurudumu matatu au manne, usukani mbele, kikapu cha vitu, mwendo wa kilomita sita hivi kwa saa ukiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Uingereza vimejaa. Wazee huvitumia kwenda dukani, na mimi bila hicho siku yangu inaishia sebuleni.

Bustani za michezo nazo ni zile kubwa, zenye bembea za mashine na vigari vya reli vinavyopanda juu na kuporomoka huku watu wakipiga mayowe. Inayojulikana zaidi ni Alton Towers kule Staffordshire, na ipo bondeni, njia zake kupanda na kushuka. Watoto wa kaka yangu wakija likizo hawana ombi jingine: "Shangazi, tupeleke." Basi unaingia asubuhi, unatoka jioni, na katikati yake ni kuzunguka, kupanga foleni na kuzunguka tena.

Skuta za kukunja, zinazoingia kwenye buti la gari, nyingi hutumia betri mbili za asidi zilizozibwa, volti 12 kila moja, zikaunganishwa kupata volti 24. Zile ndogo ni za ampea-saa 12, ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Karatasi ya muuzaji itakuahidi kilomita kumi na kadhaa, lakini hizo ni kilomita za betri mpya, njia tambarare, mtu mwepesi, asiyesimama. Bustanini unasimama na kuondoka kutwa nzima, na kuondoka ndiko kunakokula umeme. Mlima unakula zaidi. Baridi ya masika ya huku inapunguza nguvu ya betri kabla hata hujatoka mlangoni. Na mabegi ya watoto wote huishia kwenye kikapu cha shangazi.

Taa za kuonyesha chaji zina kusoma kwake. Ukiwa unapanda, betri inaelemewa, volti zinashuka, taa inakimbilia nyekundu na roho yako nayo. Ukisimama kidogo inarudi kijani, ukadhani mambo ni shwari. Zisome ukiwa unakwenda kwenye tambarare, hapo ndipo zinasema kweli. Na usingoje nyekundu ndipo utafute umeme. Piga hesabu: chaja ndogo ni ya ampea mbili. Saa nzima ya chakula cha mchana inakurudishia ampea-saa mbili hivi, yaani sehemu ya sita ya betri yako. Hiyo inatosha kukufikisha kwenye maegesho, haitoshi kukupa siku ya pili ndani ya siku. Kwa hiyo betri ijae usiku wa kuamkia safari, chaja iwe kikapuni, na kila unapokaa, uchomeke. Betri za asidi hazipendi kukaushwa kabisa, ukizizoesha hivyo zinakufa mapema.

Sasa, uchomeke wapi?

Hapa ndipo "kila kitu kipo" inapoanza kuyumba. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayomtaka mtoa huduma afanye marekebisho ya busara ili mtu mwenye ulemavu asikwazwe. Na nimeyaona matunda yake, siyakatai: njia za mteremko badala ya ngazi, vyoo vipana, mlango wa pembeni kwenye michezo kwa asiyeweza kusimama foleni. Lakini soketi imeachwa kwa hisani ya mhudumu uliyemkuta zamu. Kwenye bustani moja, ambayo sitaitaja, niliingia mgahawani, nikaona soketi ukutani kando ya meza, nikaomba. Kijana wa zamu akasema ile ni ya mashine ya kusafishia sakafu, na chaja yangu haijakaguliwa. Alisema kwa adabu zote. Waliokaa meza ya jirani wakainamia sahani zao. Nilipata umeme baadaye kwenye chumba cha huduma ya kwanza, nyuma kabisa, soketi ya kando ya friji ya dawa. Mama wa pale akaniletea maji na akaniacha nikae. Namshukuru mpaka leo.

Lakini fikirieni maana yake. Skuta ikishachomekwa haiendi. Anayechaji amefungwa pale pale ilipo soketi. Ikiwa soketi ipo kwenye korido ya nyuma, naye anakaa korido ya nyuma, anatazama ukuta, huku watoto aliokuja nao wanacheza kule mbele. Nililipa kiingilio, nikaenda kukaa chumbani na friji. Mteremko umewekwa mlangoni nipate kuingia, na hakuna aliyekaa akafikiri nitaishi vipi humo ndani mpaka jioni.

Nyumbani sasa.

Nilipokuwa mtoto sikuwa na kigari cha aina yoyote. Idd ikifika, watoto wa mtaa wa Ngamiani wote walikuwa wanakwenda kwenye bembea za sikukuu uwanja wa Tangamano, na mimi nilikuwa nakwenda mgongoni kwa kaka. Nakumbuka kola ya kanzu yake mpya, ngumu kwa wanga, ikinikwaruza kidevu. Nakumbuka jasho lake likilowesha gauni langu la Idd kifuani. Kaka yangu hakuwahi hata siku moja kunikunjia uso. Lakini niliona nilichoonyeshwa, nilisimama aliposimama, na nilirudi nyumbani alipochoka yeye. Wenzake walipomwita kwenda pwani, mimi nilirejeshwa kwa mama kwanza. Nilipofikisha miaka ya kuona haya, miguu inaning'inia mbele ya wavulana wa mtaani, nikaanza kusema naumwa kichwa kila sikukuu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, kwa sababu kila mtu alijua ninapendwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia Tanga kuna utu, namjibu ndiyo, upo, na nilibebwa juu yake. Niliukosa uwezo wa kukataa kubebwa bila kukosa sikukuu.

Miaka ya karibuni nimekuwa nikija Tanga na skuta yangu. Ndege nyingi huzikubali betri za asidi zilizozibwa zisizomwaga, mradi uwaarifu mapema. Na kuna jambo moja zuri: umeme wa Uingereza na wa Tanzania ni sawa, volti 230, na plagi ya pini tatu za bapa ndiyo ile ile. Unatoa chaja begini unachomeka ukutani Makorora, Tanga, kama vile hukusafiri. Wenzetu wa Marekani wanaotuma skuta nyumbani waangalie maandishi ya nyuma ya chaja kwanza, kwa sababu umeme wa huko ni volti 120. Chaja isiyoandikwa 100 mpaka 240 ikichomekwa Tanga inaungua siku hiyo hiyo, na mzee aliyetumiwa anabaki na kiti cha kupumzikia barazani.

Na Tanga yenyewe, jamani, ni mji ulioumbwa kwa skuta. Tambarare. Barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba, huwezi kupotea. Watu wamezoea baiskeli, kwa hiyo dereva wa bajaji anajua kumpisha mtu wa mwendo wa polepole. Nimetoka Barabara ya Nane mpaka bustani ya Jamhuri peke yangu, nikaitazama bandari, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikarudi. Peke yangu! Hamjui neno hilo lina uzito gani kwa mtu ambaye katika mji huo huo hakuwahi kwenda chooni bila mtu kujua.

Ufukweni Raskazone nilinasa kwenye mchanga. Hata sijaita, vijana wakatokea. "Shikamoo mama, tulia, usishuke," na mimi na skuta tukanyanyuliwa pamoja tukawekwa kwenye lami. Uingereza, skuta iliwahi kunizimikia karibu na lango la bustani, na watu walipita wengi kabla mmoja hajasimama kuuliza kama nahitaji aitwe mtu wa zamu. Wala si kwa roho mbaya. Huku wanaogopa kumgusa mtu asiyeomba. Kwa hili Tanga imewashinda, na sitaki mtu anibishie. Naomba tu vijana wetu wajue kwamba nyuma ya skuta kuna kishikio cha kulegeza gurudumu. Kikibonyezwa inasukumika, wala haina haja mtu kuvunja mgongo.

Ila betri haichajiwi kwa utu. Jioni moja niliingia kwenye mgahawa mmoja mjini, taa imeshakuwa nyekundu. Mwenye mgahawa hakusita: "Chomeka, mama, hapa ni kwako." Soketi iliyokuwepo ilikuwa ya friji la soda. Akalichomoa. Soda zake zikaanza kupata moto kwa ajili yangu, na mimi nikawa nakunywa chai ya tangawizi nikiliangalia lile friji, sioni raha. Umeme ukakatika magharibi. Jenereta ilikuwa ya taa tu. Mpaka ishaa nikawa pale, ndipo wakanitafutia bajaji mbili, moja yangu, moja ya skuta, na wakakataa hela ya chai.

Yule wa Uingereza alikuwa na soketi akaninyima kwa kanuni. Huyu wa Tanga hakuwa na soketi ya ziada, akanipa ya friji lake. Nani bora? Kwa moyo, huyu wa Tanga, bila mashaka. Lakini mgahawa ule sikurudi likizo yote, kwa sababu siwezi kila jioni kumharibia mtu soda zake, na yeye hawezi kuniambia asichoweza kusema. Hisani ya namna hiyo unaitumia mara moja. Soketi ungeitumia kila siku.

Na gharama yake ni ipi? Betri zangu mbili kuzijaza kutoka sifuri ni chini ya nusu uniti ya LUKU, hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja. Pasi ya kunyooshea nguo za familia inakula zaidi. Hatuzungumzii bajeti ya wizara. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, mwaka ule ule wa sheria ya Waingereza, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Maandishi tunayo. Tunachongoja ni waya.

Watu wa utalii wa Tanga, nawaambia ninyi hasa, maana naona mnavyoutangaza mji. Ndani ya Mapango ya Amboni siombi kuingia na skuta. Yale ni mawe ya chokaa, kuna vijia ambavyo hata mzima wa miguu anainama. Naomba pale nje, ambapo wageni wanasubiri wenzao, pawe na kibanda chenye soketi. Naomba hivyo hivyo Jamhuri, na kwenye hoteli za ufukweni. Iwe kimo cha kiuno, isiwe chini sakafuni ambako nikiinama nadondoka. Iwe chini ya paa, mvua ya Tanga mnaijua. Waya usikatize njia ya watu, wasije wakajikwaa ikawa sababu ya kuiondoa. Umeme ukikatika, ile betri ya sola inayowasha taa za geti inaweza kuwekewa kigeuzi kidogo cha kuufanya umeme wa betri uwe kama wa ukutani, maana chaja yangu haifiki wati mia. Na muhimu kuliko yote, iwe mahali walipo watu, penye meza na kelele, nichaji huku naona watoto wanacheza.

Fundi umeme yeyote wa Ngamiani anaifunga kazi hiyo kwa nusu siku. Mkiweka ya kwanza, popote mtakapoiweka, niandikieni ipo wapi. Chaja nakuja nayo.